Jinsi ya Kutoa Mwaka Mzima kwa Siku Moja

Hongera kwa kuchaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya diakonia. Najua hukugombea. Ulichelewa ibada ya pili, ukakuta jina lako limeshapitishwa kwa makofi, na mzee wa kanisa akakupa mkono kwa namna ya mtu anayetoa pole msibani. Ndivyo wanavyopatikana viongozi wengi wa makanisa hapa Karatu, wawe wa KKKT, wa Katoliki au wa Pentekoste, na wengi wametumika vizuri tu. Usiogope. Kazi uliyopewa ni kuhakikisha usharika unaonekana mkarimu kuanzia Januari hadi Desemba. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kulimaliza jambo hilo kwa siku moja, au moja na nusu ukihesabu safari ya Arusha kuchapisha fulana.

Anza kwa kujifunza majira. Masika huku kwetu ni Machi hadi Mei, mahindi yanavunwa Julai na Agosti, na kabla ya hapo kuna miezi ambayo ghala la mkulima mdogo wa Endabash au Mbulumbulu halina kitu zaidi ya magunia matupu na panya waliokata tamaa. Njaa ya wilaya hii ina ratiba kuliko kwaya. Inabisha hodi Februari, Machi inaingia ndani, na haitoki mpaka mahindi mabichi yaonekane. Juu huko Ngorongoro, ndani ya hifadhi, mambo ni mazito zaidi. Kilimo kilipigwa marufuku tena mwaka 2009, kwa hiyo familia ya mfugaji wa Endulen au Nainokanoka inanunua kila kilo ya unga kwa kuuza mbuzi, na mbuzi ana tabia ya kushuka bei kiangazi, siku zile zile unga unapopanda.

Sasa kwa kuwa umeelewa vizuri kwamba shida iko Machi na Aprili, panga ziara ya upendo Desemba.

Sababu ziko wazi. Desemba watoto wa hapa wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na Dodoma wamerudi nyumbani na magari yao, mifuko yao na simu zenye kamera tatu. Desemba kila mtu ana huruma. Aprili barabara ya kwenda Mang'ola ni tope, Coaster haipandi, na mtoaji mwenyewe anasubiri mshahara. Huwezi kumtaka mtu awe na huruma huku amevaa mabuti ya mvua. Ni kweli kwamba mlezi wa makao ya watoto atakayewapokea Desemba atakuwa amepokea makundi mengine wiki hiyo hiyo, na stoo yake itakuwa na sukari ya kutosha kufungulia duka. Hilo ni tatizo la stoo. Ziara ni ya kwenu.

Halafu fulana. Ziara bila fulana ni matembezi. Usichague nyeupe, vumbi jekundu la Karatu litakuwa limeimaliza kabla hamjafika Njia Panda. Chukua damu ya mzee, inaficha. Mbele andikeni jina la usharika, mgongoni andikeni Kutoa ni Moyo. Fulana yenye maandishi yasiyobanduka kwa kufuliwa mara moja haitapungua Sh 10,000, na kwa watu 30 hiyo ni Sh 300,000. Hapo kwenye kamati kuna mtu, kwa kawaida mwalimu mstaafu wa hesabu, atakayenyoosha mkono na kukumbusha kwamba kadi ya CHF iliyoboreshwa ilikuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo, ataendelea kusema, fulana hizi zingekatia kaya 10 bima, watu 60 wanaoingia zahanati bila kuuza kuku. Mshukuru mwalimu kwa mchango wake mzuri, kisha muulize anavaa saizi gani.

Mahali pa kwenda pachagueni kwa kuangalia geti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na watu wa ustawi wa jamii watakwambia makao ni kimbilio la mwisho, baada ya ndugu kutafutwa na kukosekana. Maana yake watoto wengi waliofiwa au kutelekezwa wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mdogo. Lakini bibi anayelea wajukuu wanne Qurus hana mahali pa kugeuzia Coaster. Hana uwanja wa turubai. Hana hata ukuta wa kubandikia bango. Ukimpelekea gunia la mahindi atalia, na kilio cha bibi hakina ratiba, kitawachelewesha kula. Makao yana geti, yana kivuli, na yana watoto wanaojua kusimama mistari miwili, wafupi mbele.

Watawaimbia. Wameshazoea. Ukiwa na macho utaona kuna mtoto mmoja, mara nyingi wa mstari wa nyuma, anayeimba huku akihesabu katoni mnazoshusha. Huyo ndiye mwanakamati pekee wa kweli siku hiyo.

Kuhusu chakula, wageni wenye moyo wa kujitoa hawabebi chakula chao. Piga simu siku moja kabla useme mtakuwa 30, halafu mfike 47. Walezi watapika pilau kwa mchele uliokuwa wa watoto wiki ijayo, nanyi mtawaachia mchele mpya, hivyo kimahesabu mmetoa. Keki ibebeni, kwa sababu lazima ikatwe, na lazima mgeni rasmi alishwe kipande na mtoto mdogo kuliko wote, mpiga picha akisema, "Bado, bado, rudia, nyanyua uso kidogo."

Niseme neno juu ya picha, maana hapa ndipo kamati nyingi zinapopungukiwa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kuna adabu za kawaida zinazosema mtoto wa mwenzio hapigwi picha akiwa amelegeza macho mbele ya kiroba cha unga ili picha hiyo izunguke kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Mwanza. Mtafuteni kwanza mtoto wenu wenyewe, mvisheni kandambili zilizokatika, mpigeni picha ya namna hiyo, mrushe mtandaoni na jina la ukoo. Mama yake akikubali, endeleeni na ya wengine. Kama hamna muda wa jaribio hilo, hundi ya mfano inatosha. Ile ya boksi, yenye urefu wa meza. Uzuri wake ni kwamba watu wanne wanaweza kuishika kwa pamoja, na ikishapigwa picha haina haja ya kwenda benki.

Risala isizidi dakika 40.

Sasa vitu vya kutoa. Tangazo lisomwe Jumapili mbili mfululizo: kila muumini alete nguo. Zitakuja. Litakuja koti la suti lililoachwa na suruali yake tangu mazishi ya 1998, vitakuja viatu vya kisigino kirefu vya mguu mmoja na nusu, zitakuja fulana za kampeni za wagombea walioshindwa. Sweta hazitakuja. Karatu iko juu, Julai baridi ya Rhotia inapenya mpaka kwenye mifupa, na kila mwenye sweta ameivaa. Kanuni ya zamani ya utoaji ni kwamba mtu hutoa kile ambacho hata mnada wa mwezi ulikikataa, na sioni sababu ya kuivunja mwaka huu.

Makoti yakizidi, atatokea mtu mwenye moyo wa misioni na kupendekeza yapelekwe kwa Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi. Wahadzabe wamepelekewa makoti na kila mtu mwenye gari. Jambo lililowasaidia kweli halikuwa na mifuko ya kifuani. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, jirani zetu wa Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa jina la jamii nzima, wakawa na karatasi ya kumwonyesha mkulima na mfugaji anayesogeza mpaka. Ilichukua miaka ya vikao, ramani na kwenda ofisi za watu kuambiwa rudi Jumatano. Shughuli kama hiyo haifai kwa kamati yenu. Huwezi kumvisha mtu hati mkapiga naye picha.

Mpaka hapa unaweza kudhani usharika wako hauna ukarimu wa kweli. Unao, na mwingi, na ndiyo maana inabidi usimamiwe. Njoo Jumapili ya mavuno uone.

Ni Agosti, mahindi yameshuka shambani, jua la saa nne linaanza kuwaka. Watu wanaingia kanisani na sado za ngwara vichwani, maboga, vitunguu vya Mang'ola, mbaazi, debe la mahindi mabegani mwa vijana, jogoo waliofungwa miguu kwa kamba ya katani. Vyote vinapelekwa mbele huku kwaya ikiimba. Katikati ya mahubiri jogoo mmoja atawika na nusu ya kanisa itacheka. Mchungaji mzoefu anajua kusubiri. Ibada ikiisha mnatoka wote nje kwenye majani, na mtu mwenye sauti, mara nyingi fundi wa gereji, anapanda juu ya kiti cha plastiki kuendesha mnada.

Utamwona bibi mmoja amesimama pembeni. Ameleta yai. Moja. Amelibeba ndani ya fundo la khanga, na mbele alilitoa taratibu kama mtu anayemtoa mtoto kitandani.

"Haya, yai la bibi! Nani ana elfu?"

"Elfu mbili!"

"Elfu tano, na ninalirudisha!"

Kulirudisha maana yake umelinunua na kulitoa tena, linauzwa upya. Dereva wa watalii aliyeshuka kutoka kreta jana usiku anataja elfu kumi, analirudisha. Mwenye duka la pembejeo hawezi kushindwa na dereva. Kina mama wa kwaya wanachanga kwa pamoja, wanalinunua, wanalirudisha. Watu wanacheka, fundi wa gereji jasho linamtoka, na yai linazidi kupanda bei mpaka Sh 60,000, ambapo mtu analichukua na kumkabidhi mama mchungaji kwa mikono miwili. Sijaona popote pengine, na nimekaa kwenye harambee za kila aina, watu wakitoa pesa kwa furaha ya namna hiyo bila kushikiwa bunduki ya aibu. Wafanyabiashara, vibarua wa mashamba ya kahawa ya Oldeani na walimu wote wanashindania yai moja la kienyeji, na kila mmoja anajua lina thamani ya Sh 500.

Hapa ndipo kamati inapoingia kazini, kwa sababu furaha ya namna hiyo ikiachwa inaweza kumfikia maskini. Mhazini azichukue zile pesa mara moja na kuzigawa kwa utaratibu. Kuna jengo. Daima kuna jengo. Usharika usio na jengo linalosubiri bati ni usharika uliokufa. Kuna spika mpya, kwa kuwa za zamani zinasikika mpaka Ganako tu. Kuna mchango wa jimbo, mchango wa dayosisi, mafuta ya gari. Kitakachobaki andikeni "diakonia", na diakonia itumike kununua fulana. Bibi naye atarudi nyumbani kwa miguu. Asiulizwe kama kule alikotoka kulikuwa na yai la pili. Swali hilo halimo kwenye fomu.

Usisahau wageni. Kuanzia Juni Land Cruiser za watalii zinapita Karatu kuelekea lango la Lodoare, na Jumapili baadhi ya wageni hao wanaingia kanisani, hasa Waluteri wa Ujerumani na Marekani wenye sharika rafiki. Waketisheni mbele. Wapeni mgolole, wapeni mbuzi, na waacheni waseme maneno mawili ya Kiswahili ili washangiliwe. Kisha wapeni andiko la mradi. Simaanishi kubeza urafiki huo, maana upo unaofanya kazi. Kule Iringa sharika za Dayosisi ya KKKT zimekuwa na uhusiano wa Bega kwa Bega na sharika za eneo la Saint Paul, Minnesota, tangu 1987, nao wanasomeshana na kutembeleana kwa zamu. Miaka ya 1960 padri mmoja aliyekuwa pia daktari, Herbert Watschinger kutoka Austria, alianzisha hospitali ya Wasso huko Loliondo, mahali ambapo mgonjwa alibebwa kwa siku kadhaa. Endulen, ndani ya hifadhi, hospitali nayo ni ya Kanisa Katoliki. Hapa mjini tuna hospitali ya Kilutheri, na tuna FAME, iliyoanza kupokea wagonjwa wa nje mwaka 2008 baada ya Frank Artress, daktari wa California aliyezidiwa akipanda Kilimanjaro, na mkewe Susan Gustafson kuuza walivyokuwa navyo na kuhamia huku.

Faida kubwa ya historia hii kwa kamati yako ni kwamba inampa kila muumini sababu ya kutotoa. Ukimwambia mtu kuna mama ameruhusiwa kutoka wodini lakini bili imemshinda, atakujibu, "Si kuna wazungu pale?" Jibu hilo lihifadhi. Linafaa misimu yote, na ndilo lililojenga nyumba nyingi za ghorofa moja barabara ya Arusha.

Ngorongoro kuna mfano mmoja ambao nakukataza kabisa kuuiga. Mwaka 2011 dunia nzima ya Afrika Mashariki ilikimbilia kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT tuliyemwita Babu wa Loliondo. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita, wengine wakafia njiani kabla ya kufika, na madaktari wakawasihi watu wasiache dawa za hospitali. Hilo la dawa naliacha lilivyo. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021. Ninachozungumzia ni bei. Kikombe kilikuwa Sh 500. Waziri aliyeshuka kwa helikopta, Sh 500. Mchungaji wa ng'ombe aliyetembea usiku kucha, Sh 500. Hakuna aliyesomewa jina, hakuna bahasha ya rangi ya dhahabu, hakuna meza ya watu mashuhuri yenye maji ya chupa. Usharika ukizoea mambo ya namna hiyo, mgeni rasmi atapata wapi sababu ya kuja?

Nirudi kwenye ratiba, maana nimekupeleka mbali. Januari pumzika, watu wana ada na sare za shule. Februari kaeni kikao cha kutathmini ziara ya Desemba. Soda zitoke kwenye mfuko wa diakonia. Kwaresima ombeni kwa ajili ya wenye njaa, lakini kwa ujumla, bila kutaja vijiji. Aprili kaa kimya. Juni na Julai wageni. Agosti mavuno. Mwisho wa Septemba, Jumapili ya Mikaeli na Watoto, waacheni watoto waongoze ibada na kusoma masomo, kisha wapeni soda na biskuti. Oktoba kikao cha fulana. Novemba kikao cha kubadilisha rangi ya fulana.

Ukifuata haya yote utafanikiwa, isipokuwa kwa kikwazo kimoja. Katika usharika wako kuna watu wa hatari.

Hawako kwenye kamati. Utawakuta kwenye jumuiya, siku ya katikati ya wiki, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda shamba, wamekaa kwenye mabenchi ya mbao nyumbani kwa mtu. Wanaimba, wanasoma neno, wanapitisha kisahani. Mia tano, mia tano, elfu moja. Halafu mmoja anauliza, "Mama fulani mbona sijamwona?" Basi hapo hapo mambo yameharibika. Watatoka watatu waende kumwangalia. Watamkuta ana homa, watamfulia, watamchotea maji, mmoja atabaki kupika uji. Atatafutwa kijana wa bodaboda, naye atampeleka zahanati akiwa amekaa katikati, dada yake nyuma amemshika, na pesa ya mafuta itatoka kwenye kile kisahani. Hawataandika popote. Ukiwauliza wametumia kiasi gani watakutazama kama vile umeuliza wamepumua mara ngapi.

Hao hao ndio wanaojua kwamba tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, chakula cha mchana shuleni kimebaki mikononi mwa wazazi, debe la mahindi na sado ya maharage kwa mtoto. Wanajua ni watoto gani hawakupelekewa debe. Kuna mama mmoja, sitamtaja, kila Aprili anapeleka shuleni madebe mawili ya ziada na kumwambia mwalimu wa zamu aandike jina la mtoto, asiandike la kwake. Makande yakiiva wote wanapanga foleni moja, na anayesimamia sufuria hajui nani kalipiwa na nani hakulipiwa. Nilimuuliza siku moja kwa nini asisubiri Desemba akatoa na wenzake.

"Desemba wanakula kwangu, mwanangu," akasema. "Aprili ndiyo hawana."

Ona hatari hiyo. Mtu kama huyo akiachwa aendelee, waumini wataanza kuuliza maswali. Wataanza kupanga sadaka ya mavuno mezani Agosti ile ile, wakitenga magunia ya kufungua Machi. Watamuuliza mwalimu mkuu idadi. Wataona kwamba unga wa kupeleka Endulen unanunuliwa kwa bei nzuri Karatu mwezi Septemba, ukihifadhiwa vizuri usipate dumuzi, na kwamba gari linalopanda tupu kupitia Lodoare kuchukua wageni lina nafasi nyuma. Wataona bili ya mgonjwa mmoja inalipika kwa Lipa Namba mtu akiwa kitandani kwake, bila turubai wala mgeni rasmi. Mwisho wataona hawahitaji kamati.

Dawa ya watu wa namna hii ni moja, na imefanya kazi kwenye sharika nyingi: waingize kwenye kamati. Wape vyeo. Mwite yule mama mlezi mkuu wa dawati la uhitaji, mpe daftari la kusainiwa, mpe vikao vya jioni, mtake alete stakabadhi ya kila sado, mpangie kusoma taarifa mbele ya wageni. Ndani ya miezi sita atakuwa amechoka, na siku za jumuiya atakuwa kwenye kikao. Sisi wengine tutapumua.

Akikataa cheo, na wengi wao hukataa, basi sina ushauri mwingine kwako zaidi ya anwani. Ofisi ya ustawi wa jamii iko halmashauri ya wilaya, inafunguliwa saa 1:30 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na wanayo majina ya kaya zenye watoto wanaolelewa na bibi zao. Mwalimu wa zamu yuko shuleni kila siku ya masomo. Debe linapokelewa hata Aprili, na mleta debe haulizwi fulana.